Marehemu na Adabu Zake

Fundi Makochi alikuwa na miaka arobaini na saba aliposhikwa na wivu juu ya mtu aliyekuwa ameshakufa miaka tisa. Wivu juu ya mtu aliye hai angeuweza. Mtu aliye hai unamvizia, unamwona akibishana na konda au akipenga makamasi, na roho yako inatulia. Marehemu hana siku mbaya. Kila ukimsikia akitajwa, ametoka kunyoa ndevu na shati lake limepigwa pasi.

Marehemu huyo alikuwa mume wa kwanza wa mke wake. Alikuwa karani wa posta. Fundi hakuwahi kumwona kwa macho, alimjua kwa picha moja ya sebuleni, amefunga tai, na kwa midomo ya watu. Mkewe hakuwa msemaji sana. Alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, mtaa mzima ukimwita Nesi, na mwishowe hata mumewe akamwita hivyo hivyo. Walikutana pale zahanati ilipoleta mabenchi ya wagonjwa kwenye karakana ili yabadilishwe sponji. Nesi alikuja kuyakagua. Akakaa, akasimama, akakaa tena, akasema, "Hili mgonjwa atalala akasahau kuitwa." Fundi, aliyekuwa kapera mpaka mvi zimeanza kumwota, hakulala siku mbili kwa maneno hayo. Sasa walikuwa na miaka minne ya ndoa, pamoja na Binti, mtoto wa Nesi na yule karani, aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo.

Aliyemkata maini Fundi hakuwa mkewe, ni mama mkwe. Bibi huyo alifika kila Jumamosi, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Marehemu," alisema Jumamosi moja akivuta kiti, "hakuwahi kukaa kabla mimi sijakaa. Hata siku moja!"

Fundi alikuwa ameshakaa zamani, kikombe cha chai mkononi. Hakujua ainuke au ateleze polepole hadi sakafuni.

"Na simu ya marehemu, ingelia tunakula, angeiacha ilie mpaka ichoke yenyewe."

Simu ya Fundi ilikuwa kando ya sahani, imewaka, inaonyesha mpira. Akaigeuza kifudifudi.

"Mama, kula," Nesi alisema.

"Nakula. Nasema tu. Mtu akiwa muungwana asemwe."

Wiki hiyo hiyo Fundi alikuwa akitafuta shuka kabatini, mkono wake ukagonga kitu kigumu chini kabisa. Akakivuta. Kilikuwa kitabu kikuukuu, jalada limeliwa na mende, na jina lake lililobaki lilikuwa nusu tu: "…ya Watu Waungwana". Bila shaka kilichapishwa kabla baba yake Fundi hajaota ndevu. Kilifundisha namna ya kubisha hodi, namna ya kuvua kofia mbele ya wakubwa, na kwamba mgeni asizidishe nusu saa mpaka aombwe kukaa. Kulikuwa na sura nzima ya kujibu barua, na nyingine ya kuzungumza na simu ya waya: "Simama wima unapozungumza, kwani sauti ya mtu aliyejilaza hujulikana."

Fundi akacheka, shuka begani. Halafu akaona pembeni mwa ukurasa maandishi ya penseli, madogo, yameinama upande mmoja kama watu wanaosukuma gari. "Kweli." Ukurasa mwingine: "Na redio pia!" Hapo kitabu kilikuwa kimekataza kusoma gazeti mezani mke anapozungumza. Kumbe yule bwana hakuzaliwa na uungwana! Aliusoma. Aliupigia mstari.

Kisha akafika ukurasa wenye maneno haya: "Mke arudipo kutoka shughulini, mume atangulie kumpokea mzigo kabla ya salamu, amkaribishe kama mgeni wa heshima, amwulize kama ametoka mbali." Pembeni, kwa penseli: "Nimejaribu. Amecheka."

Maneno mawili tu, na Fundi Makochi akaliacha shuka likaanguka. Alikijua kicheko cha Nesi. Kilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, kilianza puani na kuishia mabegani. Alidhani ni chake. Kumbe kulikuwa na mtu aliyekipata kabla yake, akakiandikia na kumbukumbu.

Akarudisha kitabu chini ya mashuka. Lakini kila Nesi alipokuwa zamu, alikitoa. Kama uungwana unapatikana kwa kusoma, alijiambia, hata mimi macho ninayo. Nitampita.

Akaanza na simu. Mteja akipiga, Fundi aliweka nyundo chini, akafunga kifungo cha juu cha ovaroli, akasimama wima katikati ya karakana. Mchomeleaji wa jirani akamtazama hivyo siku tatu, ya nne akashindwa kuvumilia.

"Fundi, unaongea na jaji?"

"Naongea na mama wa stuli mbili."

Halafu barua. Barua hakuna siku hizi, lakini kulikuwa na kundi la familia la upande wa Nesi, kwenye simu, lenye watu thelathini na moja na kelele za watu mia. Kitabu kilisema barua ijibiwe siku ile ile, ianze kwa salamu. Shemeji yake mdogo alipotuma picha ya viatu vipya, wengine walijibu kwa vidole gumba. Fundi akaandika: "Kwako shemeji, salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yenu. Ama baada ya salamu, picha ya viatu vyako nimeipokea leo saa nne na nusu, nami nimefurahi kuona vimekutosha." Kundi zima likavunjika mbavu. Lakini jioni shemeji akapiga simu. "Shemeji, nilicheka. Halafu nikaona watu wote wale, ni wewe peke yako uliyeitazama picha."

Kwenye foleni ya ofisi ya leseni aliwapisha wazee, wajawazito na wenye watoto mgongoni, mpaka dirisha likafungwa akiwa wa tano kama alivyofika. Siku hiyo alirudi nyumbani amenuna, lakini akiwa muungwana.

Aliubakiza ukurasa wa mzigo kwa sababu aliuogopa. Mwishowe, siku moja saa kumi alasiri, alifunga karakana mapema akaenda kumsubiri mkewe mlangoni. Nesi akaja na mkoba wa kazini na mfuko wa viazi, miguu imemvimba. Fundi akatoka mbio, akampokea vyote viwili, akainama kidogo.

"Karibu sana, mama. Umetoka mbali?"

Nesi akamtazama. Kicheko kikaanzia puani, kikashuka mabegani, akashika nguzo ya mlango asianguke. Fundi naye akacheka, moyo ukimdunda kwa furaha. Ghafla Nesi akanyamaza. Akapangusa macho, akapita, akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Fundi akabaki jikoni na viazi vyake. Alijiuliza swali moja tu mpaka alipomaliza kumenya: yule mwanamke mlangoni alikuwa akimcheka nani?

Jumamosi mama mkwe akafika. Fundi alikuwa amesimama kabla bibi hajavuka kizingiti. Akamvutia kiti. Simu ilikuwa kwenye droo ya vijiko. Mama mkwe akaketi taratibu, akamtazama juu mpaka chini, machozi yakamlengalenga.

"Jamani," akasema. "Kama marehemu vile!"

Basi hapo ndipo Fundi alipoelewa alichokuwa akijifanyia. Wiki zote hizo, kila alipoinama, aliyeinuka ni yule bwana wa kwenye picha. Alikuwa amemfufua kwa mikono yake mwenyewe, akamfutia vumbi, akamkalisha mezani.

Jumatatu alikipeleka kitabu kazini ndani ya mfuko wa misumari. Alikuwa akimalizia kiti cha mikono cha mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mrefu mwenye miwani, aliyetaka kiti cha kusomea. Springi zilikuwa zimefungwa, gunia limetandazwa juu yake, ilibaki sponji na kitambaa. Fundi akaangaza nje. Mchomeleaji alikuwa ndani ya cheche zake. Akakilaza kitabu juu ya gunia, upande wa kushoto, akaweka sponji, akavuta kitambaa mpaka kikalia, akapiga misumari. Alipiga mingi kuliko iliyohitajika.

"Kaa hapo," akasema. "Wakukalie."

Kesho yake kiti kikachukuliwa. Siku kumi Fundi alikula vizuri.

Siku ya kumi na moja Nesi aliyatoa mashuka yote kabatini akayarundika kitandani. "Kuna kitabu hapa. Cha zamani. Umekiona?"

"Kitabu gani?" Fundi akasema, akashangaa uongo ulivyotoka laini.

"Cha babake Binti. Nilimwekea. Nataka aende nacho chuo, ndiyo maandishi pekee ya babake yaliyobaki."

Fundi alihisi masikio yakimwaka. Hilo hakuwa amelifikiria. Katika hesabu zake zote alikuwepo yeye, Nesi na marehemu. Binti hakumweka popote. Mtoto alipofiwa alikuwa na miaka kumi.

Bado alinyamaza. Alisaidia hata kutafuta, akainua godoro, akachungulia nyuma ya friji, na kila alipochungulia alijidharau zaidi. Siku ya pili Nesi akakumbuka kwamba mama yake aliwahi kukiomba kitabu hicho. Akampigia simu. Fundi, aliyekuwa sebuleni, alisikia sauti ya mkewe ikipanda.

"Mama, sisemi umeiba. Nasema labda ulichukua ukasahau… Sasa mbona unalia? … Basi usije! Kama ni hivyo usije!"

Jumamosi ilipofika mama mkwe hakuja. Meza ilikuwa kimya, na Fundi, ambaye kwa miaka minne aliomba Jumamosi moja ya namna hiyo, aliurudisha mkate sahanini. Binti alikuwa akikunja nguo zake kwenye begi.

"Nesi," Fundi akasema. "Kitabu nilikichukua mimi."

Binti akaacha kukunja.

"Kiko wapi?"

"Ndani ya kiti."

"Kiti gani?"

"Cha mwalimu mkuu. Nilikishonea ndani. Chini ya sponji." Akataka kuendelea, akataka kusema lakini mimi, lakini ninyi, lakini mama yako. Sura ya kuomba radhi aliikumbuka vizuri: nenda kwa miguu yako, taja kosa kwa sentensi moja, na neno "lakini" liache nje ya mlango. Akaubana mdomo. "Nilikuwa naona wivu."

Nesi alimkodolea macho kwa muda mrefu, kama anavyotazama kipimajoto kisichosema kweli.

"Vaa viatu," akasema hatimaye. "Beba na koleo na nyundo."

Mwalimu mkuu aliwapokea mlangoni, kidole kikiwa katikati ya kurasa za gazeti. Fundi akasema kosa lake kwa sentensi moja. Mama yule akainua miwani.

"Ndiyo maana! Kila nikikaa naegemea kulia. Nilidhani ni ufundi mpya."

Fundi akakipindua kiti mkekani, akang'oa misumari mmoja mmoja. Nesi alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Kitabu kikatoka kimepinda kama kigae, kimeshika alama za springi mgongoni. Kabla Nesi hajanyoosha mkono, mwalimu mkuu ameshakidaka. Akaketi kwenye stuli, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, akisimama mahali kusahihisha nukta. Kwenye simu ya waya akacheka. Kisha akafika kule.

"'Nimejaribu. Amecheka.' Nani huyu aliyecheka?"

Nyundo ya Fundi, aliyekuwa ameanza kurudishia misumari, ikatulia.

"Mimi," Nesi akasema.

"Ilikuwaje?"

Nesi akamtazama mumewe mgongoni. "Alinipokea mkoba kwa nguvu, mkono wa mkoba ukakatika. Vitunguu vikamwagika mpaka barabarani. Akavifuata anapiga magoti, na huku ananiuliza kama nimetoka mbali. Hakuwa mtu wa adabu hata kidogo, mwalimu. Tulipooana alikuwa anakula na kofia. Kitabu alikinunua kwa sababu mama yangu alimsema mbele ya watu."

Fundi akageuka, misumari mitatu mdomoni. Akaitema kiganjani. Hakutaka kuuliza mbele ya mtu baki, akauliza.

"Na mimi? Siku ile, mlangoni?"

"Wewe ulikuwa na kipande cha sponji kwenye nyusi. Ulikuwa kama babu."

"Halafu ukaingia ndani ukalia."

"Nililia, ndiyo. Nilimlilia yeye, sikufichi." Sauti yake haikutetemeka. "Nilikucheka wewe, nikamlilia yeye, katika dakika moja. Nimezalisha watu wanaolia na kucheka kitandani hapo hapo, sioni ajabu. Ungeniuliza ningekwambia. Wewe ukaenda kupiga misumari."

Jibu hilo lilimuuma Fundi mahali pale pale palipokuwa pakimuuma siku zote, ila sasa alijua pameanzia wapi na pameishia wapi. Akarudi kwenye kiti. Alikaza kitambaa upya, akabonyeza kushoto na kulia, akamwomba mama yule akae. Mwalimu mkuu akakaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na ilibidi aombwe mara mbili ndipo akirudishe kitabu.

Kutoka hapo Nesi alirudi nyumbani. Fundi alikwenda kwa mama mkwe peke yake, kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini. Bibi alifungua mlango nusu. Fundi akasema neno lake barazani.

"Mwanangu amenifanya mwizi," mama mkwe akasema. "Wiki nzima sikupata usingizi. Na wewe ulikuwepo umekaa unasikia."

"Nilikuwepo, mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ingia. Kaa hapo. Sijamaliza."

Hakumaliza mpaka jua limepinda. Alimsema kuhusu kitabu, akahamia kwenye bomba la jikoni alilomwahidi kulitengeneza tangu mwaka jana, akamalizia na mashavu yake, kwamba amekonda, na kwamba mwanamume anayejisemea moyoni hukonda hivyo. Alimsema kama anavyowasema wanawe wa kuzaa, bila kumpumzisha. Fundi alikuwa amefika mtaa wa tatu akirudi ndipo alipogundua kwamba katika saa nzima na zaidi, bibi hakumtaja marehemu hata mara moja.

Binti ndiye aliyechelewa kumsamehe. Jumapili hakumsalimu. Jumatatu alimsalimu akiwa amegeukia ukuta. Jumanne asubuhi, begi likiwa mlangoni, akamletea kitabu na penseli.

"Andika na wewe."

"Mimi mwandiko wangu…"

"Umekishonea kwenye kiti, Fundi. Andika."

Akaketi nacho muda mrefu, akigeuza kurasa, mpaka Nesi akapiga kelele kwamba gari litaondoka. Kwenye sura ya hasira kulikuwa na nafasi chini, marehemu hakuandika kitu hapo. Fundi akaandika kwa herufi kubwa, kama za kwenye kibao cha karakana: "Ukiwa na hasira usipigilie kitu cha mtu." Binti akasoma. Hakucheka, wala hakununa. Akapuliza vumbi la penseli, akakitia kitabu katikati ya nguo, mahali pasipopinda.

Wivu haukuisha. Kuna siku bado unamjia, hasa Jumamosi, mama mkwe anaposhusha pumzi kabla ya kuanza hadithi. Lakini sasa Fundi ana desturi ya kuuliza. Juzi, wakinywa chai ya asubuhi, alivizia Nesi ameweka kikombe chini.

"Hivi, alikuwa anakoroma?"

"Nani?"

"Marehemu."

Nesi akafikiri, akitaka kusema haki. "Kama mashine ya kusaga. Majirani waligonga ukuta."

Fundi akaitika kwa kichwa, kwa heshima yote, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Akachukua mfuko wake wa misumari akaenda kazini, na mchomeleaji anasema siku hiyo alipiga mluzi mpaka saa sita.